Mahindi ya Watu: Maneno ya Khitma ya Babu Yetu, Hindi, Lamu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masharifu na maalim mliotusomea khitma, wazee wangu wa Hindi na Mokowe, ami zangu, shangazi zangu na akina mama wote mlioko upande wa pili wa pazia, majirani zetu mliokuja na unga na sukari bila kuitwa, na nyinyi Waamu, watu wa kisiwa cha Lamu, mliovuka maji asubuhi hii na jua lote hili: ahsanteni. Nimeambiwa niseme mimi kwa sababu ni mwalimu, na watu hudhani mwalimu hana shida ya maneno. Babu mwenyewe asingenichagua. Alikuwa akisema maneno yangu ni mengi kuliko kazi yangu.

Sifa zake mmezisikia tangu siku ya maziko. Mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu. Ni kweli zote, lakini kila marehemu husifiwa hivyo, hata wale tuliowajua vizuri. Kwa hivyo mnisamehe nikiziruka. Nataka kusema habari moja ya babu, ile ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyomfanya awe mtu mliyemjua: habari ya mavuno ya watu wengine.

Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1938. Yeye hakukubali wala hakukataa. Karani aliuliza, mtu mmoja akajibu, ikaandikwa. Alichokijua ni kwamba alizaliwa bara, kaskazini ya hapa, njia ya kwenda Kiunga, kwenye konde la babake. Wabajuni wa zama zile nyumba zao zilikuwa visiwani na makonde yao bara. Msimu wa kulima ukifika walivuka, wakafyeka, wakachoma, wakapanda mtama, kunde, simsim, na pamba ya kuuza. Usiku walilala juu ya dungu, kile kilingo cha kulindia konde, wakipiga madebe kufukuza nguruwe. Babu alilala kwenye dungu tangu utotoni, na nadhani ndiyo maana mpaka uzeeni ukimwita usiku aliitika mara ya kwanza.

Vikaja vita vya shifta, wale waasi waliotaka kaskazini mashariki ya Kenya ijiunge na Somalia. Vilianza 1963, mwaka ule ule wa uhuru, vikaenda mpaka 1967, na kwa watu wa huku havikuwa habari ya redioni. Watu waliuawa, vibanda vikachomwa, vijiji vya bara vikahamwa kimoja baada ya kingine. Ukienda Malindi au Mombasa leo ukawauliza wazee wa Kibajuni walifikaje kule, wengi watakutajia miaka hiyo.

Babu na bibi walikuwa na ndoa changa. Simsim ilikuwa imeshakatwa. Waliolima wanaelewa nasema nini, lakini vijana hapa mbele naona mnanitazama tu, basi nieleze. Simsim haiachwi ikaukie kondeni, maana maganda yake yakikauka hupasuka na mbegu zote zikamwagika chini. Hukatwa mapema kidogo, ikafungwa matita, na matita yakasimamishwa wima yakiegemeana, vichwa juu, mpaka maganda yafunguke yenyewe. Ndipo hutandikwa jamvi, kila tita likapinduliwa na kupukuswa. Hizo siku za kungoja ndizo zinazomnyima mkulima usingizi. Upepo ukiyaangusha matita, kazi ya msimu mzima imeingia mchangani.

Walikimbia katika siku hizo za kungoja. Ilikuwa usiku, kwa dau la mtu, maji yanajaa.

Maisha yangu yote sikumsikia babu akilalamikia kile kibanda, wala mbuzi, wala sanduku la bibi lililobaki kule. Alichokuwa akikitaja, mara nyingine bila kuulizwa, tukiwa kwenye kahawa, ni yale matita. Aliyaacha yamesimama. “Simsim yangu siyui aliyeipukusa,” alikuwa akisema. Kama ni shifta, kama ni askari, kama ni nguruwe, au kama ni upepo tu. Hakuwa akitaka kulipwa na mtu. Alitaka kujua.

Amu ilimpa pa kulala na kazi ya mabega. Alibeba boriti za mikoko kuzipakia kwenye majahazi ya Arabuni, akabeba mawe, akabeba mchanga. Shangazi mkubwa alizaliwa huko Amu, na ami wawili. Miaka hiyo naipita haraka kwa sababu yeye mwenyewe aliipita haraka. Ukimuuliza habari za Amu atakueleza Maulidi ya Riyadha, punda mmoja mkorofi, na basi.

Kipande hiki mlichokaa alikipata watu walipoanza kugaiwa ardhi huku Hindi. Palikuwa msitu. Hati yake ilichukua miaka mingi kutoka, na ilipotoka minazi ilikuwa imeshazaa. Sasa fikirini. Mnazi mrefu wa kwetu hauzai kabla ya miaka sita au saba. Kuti hutoka moja kwa mwezi, hivi, na upunga, ua la mnazi, ukichanua leo, nazi yake utaikuna mwaka ujao. Mtu aliyeshafukuzwa kwenye konde lake usiku, akaja akachagua mti wa kumngojesha namna hiyo, alikuwa amekata shauri lake. Sisi wajukuu tulikuta minazi mirefu tayari, tukadhani imeota.

Mbegu alizitoa kwa mzee mmoja wa Matondoni. Alizichagua mwenyewe, nazi za mti mkongwe unaozaa sana, akazilaza ubavu kitaluni, nusu ndani ya mchanga, mpaka zikachipua. Shimo alilichimba la kufika magotini, akatia makumbi, majivu na chumvi. Kutoka mche hadi mche, hatua kumi. Bibi alisema ardhi inapotea bure. Akapewa zile nafasi alime mihogo na kunde, na kwa miaka kadhaa huo muhogo ndio uliowalisha wote, mwenye minazi akiwemo.

Kuhusu mvua, alihesabu miongo. Najua wazee hapa mnahesabu bado, lakini mnapungua. Kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka, unahesabu siku kumi kumi, miongo thelathini na sita, zinabaki siku tano, mwaka umekwisha: siku 365, na hakuna siku ya kuongeza kila mwaka wa nne. Kwa hivyo Nairuzi hurudi nyuma polepole, na mkulima aliyekariri kwamba fulani hupandwa mwongo wa fulani lazima asogeze hesabu yake, la sivyo baada ya miaka mingi atapanda kabla ya mvua. Babu aliisogeza. Aliandika kwa mkaa ukutani nyuma ya mlango, na bibi akipaka chokaa aliambiwa auache ule upande. Mimi nina programu ya hali ya hewa kwenye simu. Alinishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda. Ukame ulioanza mwisho wa 2020 ukaenda mpaka 2022 ulitushinda sote wawili.

Sasa nije kwenye daftari.

Pwani yetu ina mambo ambayo mawakili wa kutoka mbali huyastaajabia. Ardhi inaweza kuwa ya mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Unaweza kurithi miti mitatu katika shamba ambalo huna hata pa kuweka unyayo. Watu walipokuwa wakihama, mmoja Mombasa, mmoja Jeddah, mmoja ameolewa Faza, walimjia babu: niangalizie. Ilianza kwa minazi ya jirani, ikaja ya jirani wa jirani, mpaka na minne ya wakf ya msikiti, ambayo nazi zake zilinunua mafuta ya taa na mikeka, na siku hizi zinalipa bili ya stima. Hakuwahi kukataa. Bibi alisema angekataa mara moja tu, watu wangezoea.

Yote aliyaandika. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walivyofundishwa zamani chuoni, yaani madrasa, kwa hivyo mimi na shahada yangu siwezi kulisoma daftari la babu yangu. Nimelazimika kulipeleka kwa maalim, akanisomea akicheka. Kwa sababu babu aliandika kila kitu. Mnazi wa tatu kutoka kisimani, wa binti wa nahodha, umeangushwa na kusi, gogo limeuzwa, pesa amepewa mkononi, shahidi fulani. Nazi za fulani zimeanguliwa, zimefuliwa, zimeuzwa Mokowe, bei kadha, mkwezi kachukua chake. Makumbi kachukua mama jirani kwa ajili ya kamba, hakudaiwa. Kuna ukurasa mmoja amemwandika nyani: kaangusha madafu ya wakf, mimi nalipa.

Na kilichokuwa hakimo daftarini kilikuwa kichwani mwa bibi. Tuseme ukweli. Babu akibishana na mtu juu ya mti, alimalizia kwa kuita nyumbani: eti, huu ulikuwa wa nani? Bibi alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye makuti anayosuka, na kesi ikaisha.

Sikuja hapa kumpaka babu mafuta. Kwetu sisi wa nyumbani mkono wake ulikuwa mgumu. Kuna mwaka ami yangu, huyu aliyekaa hapa kulia, alirudishwa nyumbani kutoka sekondari kwa ajili ya karo. Ndani ya sanduku la babu mlikuwa na pesa za nazi za mtu wa Jeddah, za misimu miwili, mwenyewe hajaziulizia. Bibi akasema tukope, tutazirudisha nazi zikiuzwa. Babu akasema hizo si zetu za kukopa. Ami alikaa nyumbani muhula mzima akilinda mahindi, na rafiki zake wakaenda mbele. Leo anatabasamu nikilisema hili, lakini nimeshamwona siku asiyotabasamu. Mimi mpaka sasa sijui kama babu alifanya sawa. Najua kwamba kwake halikuwa jambo la kufikiri, na pengine lingekuwa la kufikiri kidogo.

Na zaka ilikuwa hivyo hivyo. Aya aliyoipenda ni ile ya Suratul An‘aam: na mtoe haki yake siku ya kuvunwa kwake. Siku ya kuvunwa, si kesho yake. Mazao ya mvua, katika kumi moja. Alipima hapo hapo uwanjani, kabla gunia halijaingia ndani, kwa pishi la mti alilolirithi. Ya zaka alilijaza mpaka likafanya kichuguu. Ya nyumbani alilipangusa kwa kiganja likawa sawa na mdomo. Tulikuwa watoto, tuliona tunaibiwa mchana na babu yetu wenyewe.

Juni 2014 mji wa Mpeketoni, huku huku Lamu, ulishambuliwa na watu wenye silaha, na mapema Julai ikawa hapa Hindi. Sitaeleza. Wengi mlioko hapa mna makaburi ya siku hizo. Nataka tu wale ambao hawakuwepo wajue ilikuwa msimu gani: mahindi ya masika yalikuwa yanakomaa. Watu walikimbia na watoto na magodoro, wakaacha mashamba yamesimama. Na wakati ule, tusidanganyane, jirani alimtazama jirani kwa jicho la pembeni. Nani wa dini gani, nani kabila gani, nani alijua mapema. Kisha ikaja kafyu, hakuna mtu kutoka tangu jua linapotua mpaka alfajiri. Nguruwe hawakuambiwa. Konde ambalo halina mlinzi usiku, kwa juma moja halina kitu.

Babu alikuwa amepita miaka sabini. Alizunguka yale mashamba siku moja, akarudi, akakaa barazani. Ami walidhani amechoka. Akasema maneno ambayo sisi tuliomjua yalitukausha: “Mimi simsim yangu siyui aliyeipukusa. Haya mahindi, wenyewe watayua.”

Ami walimkataza, na walikuwa na haki. Siku zile ukikutwa na gunia kwenye shamba la mtu aliyekimbia, nani atakuuliza maelezo? Ungeitwa mwizi, au jina baya zaidi. Babu hakubishana nao. Alikwenda kwa chifu, akamweleza anachotaka kufanya na shamba lipi na lipi. Akaenda kwa wazee wa pande zote, akawaomba mashahidi wawili, mmoja lazima asiwe Muislamu. Hili la pili alilisema mwenyewe. Ndipo akaanza kuvuna, mchana tu, na bibi, na ami ambao baada ya kukasirika walikuja wote, na mkwezi wetu Mgiriama ambaye hakuwa na haja ya kujitia katika jambo hilo na akajitia.

Kila shamba lilivunwa peke yake na likahesabiwa peke yake. Magunia yalifungwa kitambaa cha rangi, bibi akakata leso zake kuukuu: nyekundu ya fulani, ya maua ya fulani. Yalipangwa uchagani na mengine chumba cha wavulana. Wavulana wakalala nje. Dawa ya dumuzi, mdudu anayekula mahindi ghalani, alinunua kwa pesa zake, na hiyo nayo kaiandika, lakini mbele yake ameandika neno moja: sadaka.

Wakaanza kurudi mmoja mmoja. Wengine baada ya miezi, wengine mwaka uliofuata. Nakumbuka mama mmoja, yuko hapa leo kwa hivyo sitamtaja, alifunguliwa mlango akaonyeshwa magunia yake, akakaa chini akalia. Babu alikasirika kabisa. “Unalilia nini? Pima kwanza.” Na akasimama pale mpaka yule mama akapima.

Yapo ambayo wenyewe hawakurudi. Dumuzi hangoji, kwa hivyo babu aliyauza. Nitalirudia hili hivi punde, maana ndilo lililotuweka macho jana usiku.

Neno moja kwanza kuhusu ardhi. Tangu bandari ya Lamu ianze kujengwa Kililana, na zaidi tangu gati la kwanza lifunguliwe mwaka 2021, madalali wamekuwa wakija hapa na magari yenye vioo vyeusi. Walimkalisha babu, wakamtajia bei. Babu aliwapa madafu, akawauliza: mnanunua ardhi au mnanunua na minazi? Wakasema vyote. Akaanza kuwahesabia: huu wa binti wa nahodha, hii miwili ya yatima wa fulani, hii minne ya msikiti, huu wa mtu wa Faza lakini ana kesi na nduguye. Dalali mmoja alifunga buku lake kabla babu hajafika kisimani. Watu husema ardhi hii haikuuzwa kwa sababu babu aliipenda. Aliipenda, ndiyo. Lakini hata angetaka kuiuza asingeweza, kwa jinsi alivyoijaza haki za watu, na mimi siamini kuwa lilikuwa jambo la bahati.

Sasa zamu ni yetu. Sheria ya mirathi mnaijua: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Na amana haimo hata katika hesabu hiyo, kwa sababu haikuwa yake tangu mwanzo. Kwa hivyo familia imekubaliana kwamba hakuna atakayegawa kitu, hata jembe, mpaka daftari lisomwe lote mbele ya watu. Kuna vijana wetu wawili watatu ambao hawakufurahi. Nawasema kwa mapenzi, na wao wamenisikia.

Jana usiku tulibishana juu ya yale mahindi ya 2014. Pesa zake zimo, kwenye mkebe wa maziwa ya unga, zimefungwa kwa vile vile vitambaa vya leso. Baadhi yetu tukasema zitolewe kama zilivyo, amana ni amana. Ami yangu, huyu huyu wa karo, akasema ngojeni, maalim asome tena alivyoandika mzee. Maalim akasoma. Babu hakuandika shilingi. Ameandika magunia. Fulani ana magunia manne kwangu. Fulani ana matatu na nusu. Na bei ya gunia la 2014 si ya leo. Pesa zile hazinunui nusu ya mahindi yale. Tulinyamaza pale. Halafu ami akasema, basi wanadai magunia, na sisi tuna minazi. Upungufu utatoka kwenye nazi zetu, za sehemu yake babu mwenyewe, na kama hazikutosha msimu huu, zitatosha ujao.

Kwa hivyo tangazo ni hili, na naomba wa nyuma mlisikie. Ijumaa ijayo, baada ya sala, maalim atakuwa hapa chini ya mwembe na daftari. Kila mwenye jina lake ndani, au la babake, au la mamake, aje. Aje na shahidi mmoja. Wenye minazi watuambie kama wataendelea kuiacha hapa au wataiangalia wenyewe; tukiangalia sisi, ami ndiye atakayeandika, na ataandika kwa herufi ambazo wajukuu wanaweza kusoma. Msikiti utume mtu kwa ajili ya ile minne. Na mwenye namba ya simu ya wale waliokimbia 2014 wasirudi, popote walipo, ampe mwanangu pale mlangoni, anaandika. Wakipatikana waambieni wasihangaike kuja na stakabadhi, wataje tu shamba lao lilikuwa wapi na limepakana na nani. Kwa wanaotoka Amu, nauli ya boti hadi Mokowe na pikipiki hadi hapa tutawarudishia.